Kukusanya data za mlo wa saa 24 hapa Dar: mwongozo kwa wa masters ya lishe wanaoingia mtaani

Kila msimu wa watu kutoka darasani kwenda fildi ukifika maswali ni yale yale: naanzia ofisi gani, gramu nazipataje wakati mama anapika kwa kukadiria, ugali uko kwenye sinia moja wanakula watu sita nafanyaje, mbona nusu ya washiriki wangu wametoka na kalori 700 kwa siku na wana nguvu zao wanatembeza ndizi juani kutwa nzima. Kumjibu mmoja mmoja kwa voisi noti kunachosha, kwa hiyo naandika yote hapa kwa pamoja, mwenzako akikuuliza mtumie.

Hii ni ya kwako wewe ambaye andiko lako la utafiti limesema utatumia mahojiano ya mlo wa saa 24, yani unamkalisha mtu anakutajia alichokula na kunywa jana, kwa kina na kwa vipimo. Nadharia ya kwa nini njia hii na siyo nyingine umeshafundishwa, siirudii. Kitu kimoja tu nataka ukishike kabla hatujaanza: kujua mtu amekula nini ni rahisi, kazi yote ipo kwenye kiasi gani na kwenye sufuria kulikuwa na nini. Watu wanahangaika miezi na takwimu, wanabadilisha modeli, wanatafuta mtu wa kuwafanyia analisisi, kumbe data ilishaharibikia jikoni kwa Mama Asha siku ile ile ya kwanza.

Kabla hujatoka nyumbani

Karatasi kwanza. Unahitaji kibali cha maadili cha chuo chako (MUHAS, yani chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana kamati yao, vyuo vingine pia) na kuna tafiti zinazotakiwa zipite NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), hilo muulize supavaiza mapema kabisa kwa sababu foleni yake siyo ya wiki moja. Kama wewe siyo Mtanzania kuna kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) pia. Ukishakuwa na barua ya chuo unashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, halmashauri husika (Dar zipo tano: Jiji ambayo ndo Ilala ya zamani, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni), kata, halafu serikali ya mtaa. Usiruke ngazi hata kama unamjua mwenyekiti wa mtaa, maana siku afisa mtendaji wa kata akikukuta unapita nyumba kwa nyumba na mizani utajieleza mpaka jua lizame. Toa kopi nyingi za kila barua, kila ofisi inabaki na yake.

Vifaa sasa:

- Mizani ya jikoni ya dijitali inayobeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja, Kariakoo zimejaa. Nunua mbili. Na betri za akiba, mizani ikiishiwa chaji haizimi tu, inaanza kwanza kukudanganya.
- Kitu chenye uzito unaojulikana cha kukagulia mizani kila asubuhi. Ukikosa jiwe la mizani tumia maji, mililita 500 ni gramu 500.
- Jagi la vipimo na silinda ndogo ya plastiki ya maabara kwa ajili ya mafuta na vitu vidogo.
- Vyombo vya mfano: sahani, bakuli la mboga, kikombe, glasi, upawa, kijiko cha chakula na cha chai. Nunua vya mtaani, vile vile watu wanavyotumia, siyo seti nzuri ya supamaketi.
- Mchele mkavu kama kilo mbili, dumu la maji, chupa tupu ya mafuta ya kula, na hotipoti. Hotipoti nitaieleza, usicheke.
- Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto kama kaya zina watoto chini ya miaka mitano.
- Simu au tableti yenye KoboToolbox au ODK (programu za kujazia fomu za data), pawabanki, na kaunta buku. Hata kama kila kitu kipo kwenye tableti beba kaunta buku, mapishi ya mama hayaingii kwenye vile vijiboksi.

Hatua ya 1: Tengeneza jedwali lako la bei na gramu

Hii ndo hatua ambayo wengi hawaifanyi na ndo inayookoa. Hapa mjini mtu hakwambii gramu, anakwambia hela. Nyanya za mia tano, dagaa wa buku, mafuta ya mia tano, mchicha fungu mbili, andazi la mia mbili. Sasa wewe kabla hujahoji mtu hata mmoja nenda kwenye genge na duka la mtaa ule ule utakaofanyia kazi, nunua kila kitu kinachouzwa kwa bei hizo, pima, andika. Nunua kwenye genge zaidi ya moja, angalau matatu, halafu chukua wastani, kwa sababu fungu la huyu siyo la yule. Mchicha upime mara mbili: jinsi ulivyonunuliwa, na baada ya kuchambua na kukata mizizi, maana kinachoingia sufuriani ni hicho cha pili na tofauti yake siyo ndogo. Samaki hivyo hivyo, mzima na baada ya kutoa magamba na matumbo.

Andika na tarehe. Masika fungu la nyanya linanywea, na jedwali ulilotengeneza Februari halitakufaa mwezi wa tano. Na usikope jedwali la mwenzako aliyefanya Mbagala wewe ukatumie Kimara. Najua inatia uvivu, lakini ni asubuhi moja ya kuzunguka na mboga unaenda kupika.

Hatua ya 2: Pima vyombo na vyakula vilivyopikwa

Jaza kila chombo chako maji mpaka usawa ambao watu huwa wanajaza, siyo mpaka mdomoni, pima. Kisha pika wali, ujaze kwenye jagi lako bila kuushindilia, pima, ugawanye gramu kwa mililita. Fanya hivyo kwa wali, maharage, mchicha, kisamvu, uji. Hizo namba zitakusaidia kugeuza ujazo kuwa gramu. Uji mwepesi na uji mzito upime tofauti.

Na chapati, andazi, kitumbua, sambusa, kipande cha muhogo wa kukaanga, yai: pima vipande kumi kumi kutoka kwa wauzaji tofauti. Utashangaa chapati za bei moja zinavyopishana.

Hatua ya 3: Panga siku, halafu ndo upange nyumba

Usihoji Jumanne mpaka Alhamisi tu kwa sababu ndo siku supavaiza yuko ofisini. Ukihoji Jumatatu unapata mlo wa Jumapili, na Jumapili ya Dar kuna pilau, kuna kuku, kuna soda. Gawa siku zote za wiki kwa uwiano, ukiacha hivyo utapata mji unaokula maharage tu au mji unaokula pilau tu.

Siku moja kwa mtu mmoja haikwambii mlo wake wa kawaida, inakupa wastani wa kundi. Kama unataka kusema asilimia fulani ya wanawake hawafikii mahitaji ya madini chuma au vitamini A lazima urudie mahojiano kwa sehemu ya washiriki, siku nyingine isiyofuatana na ya kwanza. Liweke kwenye bajeti ya nauli tangu mwanzo, ukilikumbuka mwishoni watu watakuwa wameshahama vyumba.

Ramadhani: kama utafiti wako hauhusu mfungo, ahirisha. Futari na daku ni mlo mwingine kabisa. Kama huwezi kuahirisha andika wazi na uchambue peke yake.

Hatua ya 4: Ingia mtaani kwa adabu

Mwenyekiti wa mtaa atakupa mjumbe au balozi wa kukutembeza. Mjumbe akishakufikisha mlangoni na kukutambulisha, muombe kwa heshima akusubiri mbali kidogo. Hakuna mama atakayekwambia jana watoto walilala na chai ya rangi huku mjumbe amekaa hapo hapo anasikiliza. Usivae tisheti ya mradi wowote wala kofia ya shirika, ukionekana ni wa msaada watu wanapunguza walichokula, ukionekana ni wa afya wanaongeza matunda.

Muda mzuri kwa mama wa nyumbani ni kuanzia kama saa nne asubuhi akishamaliza usafi, kabla hajaanza kupika mchana. Wafanyabiashara wadogo utawapata jioni au Jumapili. Wanaoenda Feri au Mabibo alfajiri kuchukua mzigo wamechoka saa nane mchana, usiwasumbue, watakujibu mradi uondoke.

Shikamoo zote zitoke, ridhaa isomwe kwa Kiswahili cha kueleweka, na umwambie ukweli kwamba hamna hela wala chakula kitakachogawiwa. Kama utatoa kipande cha sabuni kama shukrani, kiwe kimeandikwa kwenye andiko na kitolewe mwisho.

Hatua ya 5: Raundi ya kwanza, mwache aongee

"Mama, naomba unitajie kila ulichokula na kunywa jana, kuanzia ulipoamka jana asubuhi mpaka ulipoamka leo."

Basi. Nyamaza. Andika orodha tu, usimkatize kuuliza kiasi. Wanafunzi wengi akitajiwa chai tu anadakia, sukari vijiko vingapi, kikombe kipi, matokeo yake mama anapoteza mtiririko na nusu ya siku inapotea. Mwache afike mpaka usiku.

Na uso wako uwe wa kawaida. Ukitajiwa soda na chipsi usikunje sura, ukitajiwa matembele usiseme "safi sana." Ukisema safi sana mara moja, kuanzia hapo unahojiana na mtu anayetafuta safi sana nyingine.

Hatua ya 6: Raundi ya pili, vilivyosahaulika

Ukimaliza orodha ndo unachokoza. Usiulize "kuna kingine?" kwa sababu jibu ni "hapana." Uliza kwa shughuli: ulipokuwa unapika hukuonja? Ulipotoka kwenda sokoni njiani hukununua kitu? Watoto walipobakiza nani alimalizia? Wakati wa kuangalia tamthilia usiku mlikuwa mnatafuna nini? Hapo ndo zinatoka karanga za kuchemsha, ubuyu, kashata, muhogo na pilipili, juisi ya miwa, embe mbichi na chumvi, mishikaki miwili ya kituoni.

Wajawazito waulize kuhusu udongo, ule wa pemba, na uulize kama kitu cha kawaida kabisa maana ni cha kawaida: "wengi wakiwa na mimba wanatamani pemba, wewe je?" Ukiuliza "unakula udongo?" kwa mshangao hatakwambia. Pombe hivyo hivyo, na usiulize mume akiwepo. Dawa za kuongeza damu walizopewa kliniki uliza pia, lakini ziandike sehemu yake, usizichanganye na chakula.

Hatua ya 7: Raundi ya tatu, muda na mahali

Kila kitu kilicho kwenye orodha, kililiwa saa ngapi na wapi. Kwa mama lishe, nyumbani, kwa jirani, kazini.

Hapa kuna mtego wa saa. Mama anakwambia alikunywa chai saa moja, wewe kwenye tableti unagusa 1:00, kompyuta inaelewa saa saba usiku. Ukija kuchambua unakuta Temeke nzima inakula usiku wa manane. Suluhisho ni rahisi, kwenye fomu weka machaguo ya maneno: alfajiri, asubuhi, saa nne, mchana, jioni, usiku. Kama lazima uwe na saa kamili, wasaidizi waandike saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi au usiku, na fomu yenyewe ifanye hesabu ya kuongeza sita.

Hatua ya 8: Raundi ya nne, kiasi na mapishi

Hapa usikimbilie. Nusu saa nzima ya mahojiano iko hapa.

Vya majimaji (chai, uji, mchuzi, juisi): mpe kikombe chake mwenyewe, siyo cha kwako, amimine maji mpaka pale chai ilipofika. Mimina kwenye jagi, soma. Alibakiza? Amwage kiasi alichobakiza.

Wali: mpe sahani yake na mchele wako mkavu, aweke mlima unaolingana na wali aliokula jana. Mimina mchele kwenye jagi usome mililita, halafu utumie ile namba ya wali uliyoitengeneza hatua ya 2. Usipime uzito wa mchele mkavu ukaandika ndo gramu za wali, hilo kosa lipo na linapita mpaka kwenye tasnifu.

Ugali wa sinia: hapa ndo hotipoti inaingia. Asubuhi pika ugali, weka kwenye hotipoti, nenda nao. Mama anawe, akate tonge kama anavyokata siku zote, pima matonge matatu, chukua wastani, kisha muulize jana alikata mangapi hivi. Atacheka, hakuna anayehesabu matonge. Sawa, sasa mwonyeshe ugali mzima na umuulize wa jana ulikuwa mkubwa kiasi gani, unga ulikuwa kiasi gani, walikula wakina nani, wakubwa wangapi wadogo wangapi, na yeye fungu lake lilikuwa wapi kwenye sinia. Zikikaribiana hizo njia mbili unaandika. Zikipishana sana unarudi kuuliza taratibu. Pika wa kutosha maana ikifika saa saba watoto wa nyumba ya tatu watakuwa wameshaumaliza, na huwezi kuwanyima.

Samaki na nyama: kipande gani, kichwa, mkia au katikati, na mifupa ilibaki. Unataka kilicholiwa. Dagaa ni salama zaidi kwa sababu wanaliwa wote.

Mafuta: mama yeyote atakwambia "kidogo tu." Chukua ile chupa tupu ya mafuta, jaza maji, mpe sufuria, mwambie mimina kama unavyomimina. Pima kilichomwagika. Ikiwa alinunua mafuta ya mia tano na akayatumia yote, una jedwali lako, umemaliza.

Nazi: nazi ngapi, kubwa au ndogo, tui la kwanza tu au na la pili, na machicha yalitupwa au yaliingia.

Sukari: kama iliwekwa kwenye sufuria ya chai ya watu wote uliza iliwekwa kiasi gani na chai ilitoka vikombe vingapi. Kama ni ya kikombeni, uliza kijiko kipi na kilijaa au kilisawazishwa.

Kwa kila chakula cha kuchanganya andika pishi zima kwenye kaunta buku. Mfano: mchicha safi gramu 600, nyanya 200, kitunguu 80, mafuta mililita 60 ambayo ni kama gramu 55. Vikiiva sufuria ina gramu 700. Mama alikula gramu 140, yani moja ya tano ya sufuria. Kwa hiyo mafuta aliyokula ni gramu 11, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9, tayari kalori 99 kabla hujagusa mchicha wenyewe. Ukiandika tu "mchicha gramu 140" kwa thamani ya mchicha wa kuchemsha hizo kalori zote zimepotea, na ndo jibu la wale wenzetu wenye washiriki wa kalori 700.

Chakula cha mama lishe: hatakupa siri zake za jiko na usimlazimishe. Nunua sahani kama aliyokula mshiriki, kaa pembeni, tenganisha wali, maharage, mboga na kipande cha nyama, pima kimoja kimoja.

Hatua ya 9: Msomee

Rudia yote kwa sauti kuanzia asubuhi. Uliza kama jana ilikuwa siku ya kawaida: msiba, harusi, homa, hela iliisha, mgeni alikuja. Usiifute siku isiyo ya kawaida, iandike tu.

Sasa ndo unaweza kumpa elimu ya lishe akitaka. Siyo kabla. Na kama umepima mtoto wa miezi 6 hadi 59 na mzunguko wa mkono ukasoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba na ukibonyeza inabaki shimo, hiyo siyo data tu, huyo anaenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tembea na jina la kituo cha karibu kinachotibu utapiamlo mkali na karatasi za rufaa. Kati ya 11.5 na chini ya 12.5 naye umuelekeze kliniki.

Hatua ya 10: Gramu zimalizike usiku huo huo

Usilale na vipimo vya "nusu bakuli". Rudi nyumbani, oga, kula, geuza kila kitu kuwa gramu ukiwa bado unakumbuka bakuli la Mama Asha lilikuwa lile la bluu la plastiki. Ukisubiri wiki, utabaki unakisia. Kama una wasaidizi, mkae pamoja mkague fomu za siku hiyo kabla hamjaachana, hata kama ni kwenye benchi la kituo cha daladala.

Hatua ya 11: Ingiza virutubishi

Anza na majedwali ya virutubishi vya chakula ya Tanzania ya mwaka 2008, yaliyotengenezwa na MUHAS, TFNC (taasisi ya chakula na lishe) na Harvard. Chakula kikikosekana nenda kwenye majedwali ya Kenya ya 2018, kisha ya USDA, yani wizara ya kilimo ya Marekani. Kila namba uliyokopa andika imetoka wapi, kwenye safu yake kwenye Excel, mtahini atauliza.

Angalia hali ya chakula: mbichi, kikavu, kilichopikwa. Gramu 100 za dagaa waliopikwa zikipigwa kwa thamani ya dagaa wakavu unampa mtu protini ambayo hajala, na nyingi. Unga wa dona na sembe siyo kitu kimoja. Na kumbuka jedwali la 2008 limetangulia kanuni za urutubishaji (kuongeza vitamini na madini kwenye chakula kiwandani) za 2011, kwa hiyo unga na mafuta yaliyorutubishwa hayako humo kama yalivyo dukani leo, soma lebo ya pakti kule mtaani na upige picha.

Kama unataka pia kiashiria cha mlo mseto kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, yale makundi 10 ya vyakula ambayo anatakiwa afikishe angalau 5, hiyo data unayo tayari. Kundi linahesabika likifika gramu 15, kwa hiyo kale kanyanya ka kwenye mchuzi wa watu saba kasimpe mtu kundi. Na ni kiashiria cha kundi la watu, usimwambie mama fulani kwamba yeye mlo wake haufai kwa sababu alipata 4 jana.

Ukikwama

*Kalori ziko chini sana kwa watu wengi.* Mafuta, nazi, sukari na vitafunwa vya njiani, angalia hapo kwanza. Kisha angalia nani alihoji, mara nyingi ni msaidizi mmoja anayekimbiza fomu.

*Mtu mmoja ana kalori 6,000.* Karibu kila mara ni sufuria nzima imeandikwa kama sahani, au sifuri imezidi. Rudi kwenye kaunta buku. Usimfute kwa sababu tu anaharibu grafu.

*Mama anasema hakumbuki.* Muulize alikuwa wapi jana, siyo alikula nini. Akishakumbuka alienda saluni, chakula kinafuata.

*Mume anajibu kwa niaba yake.* Mpe mume dodoso la kaya la kujaza na msaidizi mwingine, nje, kwenye kivuli.

*Mshiriki hapiki, anakula kila kitu nje.* Vijana wa gheto wengi wako hivi. Tengeneza orodha ya vibanda vyake, pita navyo baadaye ununue na kupima. Hela ya hiyo kazi iwe kwenye bajeti.

*Mvua imefunga barabara ya Jangwani na una nyumba nane upande wa pili.* Wapigie simu uahirishe, usihoji kwa simu kama andiko lako halikusema hivyo. Ukihoji kesho siku ya mlo inabadilika, badilisha na tarehe kwenye fomu.

*Mizani inasoma tofauti kila ukipima.* Sakafu. Tafuta ubao uliosawazika, uuweke chini yake, upime tena maji yako ya mililita 500.

*Supavaiza anataka washiriki mara mbili ya ulioandika.* Mpe hesabu ya sampuli na bajeti ya nauli kwa pamoja, kwenye karatasi moja.